Kupima na kubadilisha vipimo vya mparuzo wa uso: mwongozo kamili kwa fundi wa karakana

Ilikuwa shafti ya pampu, kipenyo milimita 45, na kwenye mchoro palikuwa na namba moja tu juu ya ile alama inayofanana na tiki: 32. Hakuna kizio, hakuna herufi. Kijana wetu aliyekuwa kwenye kerezo alidhani nukta imefutika kwa sababu karatasi ilikuwa nakala ya nakala, akasoma 3.2, akakereza mpaka uso ukatoka na Ra (wastani wa mparuzo) 3.2 kamili. Mimi nilikagua na kuipitisha. Mchoro ulikuwa umetoka Marekani, na 32 ile ilikuwa maikroinchi (sehemu za milioni za inchi), yaani Ra 0.8 kwa maikroni. Tulimkabidhi mteja uso unaoparuza mara nne ya alioomba, tena mahali panapokaa sili ya mafuta, ile pete ya mpira inayozuia mafuta kuvuja. Wiki mbili baadaye alirudi Tororo na shafti mkononi, na sili ambayo mdomo wake ulikuwa umelika wote. Akaniambia, "Fundi, chuma chako kinakula mpira."

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya karakana kama yetu, zile ambazo mchoro mmoja unatoka India, wa pili Japani, wa tatu Ujerumani, na wa nne umechorwa kwa kalamu kwenye boksi la vipuri pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Karakanani kwetu kuna Jopadhola, Waiteso, Wasoga na vijana wa upande wa pili wa mpaka, na kazi yote tunaizungumza Kiswahili. Nitatumia maneno tunayoyatumia mbele ya mashine.

Namba inaposema finishi, inasema nini hasa

Uso wa chuma kilichokerezwa, hata ukiwa unang'aa, ni safu ya vilele na mabonde. Tunapima urefu wake kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi, kwa hiyo shafti nzuri ya sili ina vilele vidogo kuliko unywele mara nyingi sana.

Ra ndiyo namba inayojulikana zaidi. Mashine inachora mstari wa katikati kupita kwenye vilele na mabonde, kisha inachukua wastani wa umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari huo, iwe juu au chini. Kwa sababu ni wastani, Ra haishtuki. Mkwaruzo mmoja wenye kina kirefu unaweza kujificha ndani yake kama jani moja bovu ndani ya gunia la majani ya chai.

Rz ni kali zaidi. Sehemu inayopimwa hugawanywa vipande vitano vinavyolingana. Katika kila kipande unatafutwa umbali kutoka kilele cha juu kabisa hadi bonde la chini kabisa, kisha unachukuliwa wastani wa hizo tano. Rt ni umbali kutoka kilele cha juu hadi bonde la chini kwa urefu wote uliopimwa, bila wastani. Rq, ambayo michoro ya zamani huiandika RMS, inafanana na Ra ila hupiga namba kipeo cha pili kabla ya wastani, kisha hutafuta kipeuo cha pili cha wastani huo, kwa hiyo hutoka kubwa kidogo.

Uso wenye Ra 0.8 unaweza kuwa na vilele vikali vya kukata sili, na uso mwingine wenye Ra 0.8 hiyohiyo unaweza kuwa na uwanda laini wenye mabonde ya kuhifadhi mafuta, kama silinda ya injini iliyohoniwa (kusuguliwa kwa mawe laini) vizuri. Ra haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Ndiyo maana mchoro wa mtu makini huomba Rz pamoja na Ra, au huandika njia ya kutengeneza: "isagwe", "ihoniwe".

Hatua ya 1: soma mchoro kabla ya kugusa kifaa

Tafuta mambo manne. La kwanza ni herufi: Ra, Rz, Rq, Rmax? La pili ni kizio: maikroni au maikroinchi? La tatu ni urefu wa mchujo, kama umeandikwa, na nitaueleza mbele. La nne ni mwelekeo wa mistari ya kisu: alama ya = humaanisha mistari iende sambamba na ukingo wa mchoro pale alama ilipowekwa, alama ya pembe mraba humaanisha ikatishe, X ni mistari inayopishana, C ni ya duara.

Kama hakuna herufi wala kizio, angalia vipimo vingine vya mchoro. Mchoro wenye kipenyo 1.7717 ni wa inchi, basi na namba ya finishi ni maikroinchi. Namba zenyewe pia zinajitambulisha. 16, 32, 63, 125 na 250 ni za maikroinchi, 0.4, 0.8, 1.6, 3.2 na 6.3 ni za maikroni. Hizi za mwisho zinafanana na za kwanza kwa nukta tu, na hapo ndipo sisi tuliumia. 63 na 6.3, 32 na 3.2, 125 na 12.5: ukizichanganya umekosea mara nne karibu kila wakati. Ukiwa na shaka piga simu kwa mteja. Simu ni nafuu kuliko shafti.

Michoro ya Japani ya zamani ina mtego wake, na hapa Uganda tunayo mingi kwa sababu mashine na magari mengi yametoka huko. Ukikuta 6.3S, hiyo S inasema ni kimo cha juu kabisa, Rmax, cha maikroni 6.3, siyo Ra. Ukikuta 1.6a, herufi ndogo a ni Ra. Herufi Z ni ile Rz ya zamani iliyopimwa kwa vilele vitano na mabonde matano, ambayo si sawa na Rz ya leo.

Hatua ya 2: safisha, poza, angalia kwa macho

Mafuta hujaza mabonde na uso hujifanya laini. Vumbi hufanya kinyume chake, na vumbi la murramu ni kali kiasi cha kuumiza sindano ya kifaa. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, siyo pamba ya kawaida. Subiri kipande kipoe. Kama kimetoka sasa hivi kwenye jiwe la kusagia, kiache mpaka ukikishika usihisi joto.

Kisha washa tochi ya simu na uilaze karibu kabisa na uso, mwanga upite kwa mshazari. Utaona mistari ya kisu, utaona mtetemo wa mashine ukijitokeza kama mawimbi, na utaona mikwaruzo ya bahati mbaya. Mikwaruzo hiyo hatuipimi kama mparuzo: ni kasoro, inaripotiwa kivyake. Nimeona fundi akipeleka sindano juu ya mkwaruzo wa spana halafu akalaumu kisu.

Hatua ya 3: ukucha na sampuli za kulinganishia

Karakana isiyo na kifaa cha umeme isidhani imefungiwa nje. Sampuli za kulinganishia ni vibao vidogo vya chuma vyenye nyuso zilizotengenezwa kwa viwango vinavyojulikana: kukereza, kufreza, kusaga, kila kundi na namba zake. Unapitisha ukucha kwenye kibao, kisha kwenye kazi yako, kwa nguvu ileile na ukikatisha mistari, mpaka upate kibao kinachohisi sawa.

Sharti kubwa ni moja: linganisha njia kwa njia. Kazi iliyokerezwa ilinganishwe na kibao cha kukereza. Uso uliosagwa unang'aa na kumdanganya mtu, na jicho litaupa alama ambazo ukucha hauukubalii. Mkono uliozoea hutofautisha daraja moja na jingine, kwa mfano 1.6 na 3.2. Kuanzia 0.4 kwenda chini ukucha unapoteza hisia, na hapo usijidai. Mwambie mteja wazi kwamba unahitaji kipimo cha sindano.

Vijana wanaojifunza kwangu huanza hapa, miezi mitatu ya ukucha kabla ya kifaa. Siyo kwa ubahili. Mtu ambaye mkono wake unajua 1.6 ikoje atashtuka kifaa kikimwambia 0.2 juu ya uso anaouhisi unaparuza.

Hatua ya 4: hakiki kifaa chenyewe

Kifaa cha mkononi kina sindano yenye ncha ya almasi, mara nyingi yenye mviringo wa nusu kipenyo cha maikroni 2 au 5, ambayo huburutwa polepole juu ya uso na kupanda na kushuka. Vingi vinatumia betri, jambo la heri kwetu ambao umeme unaweza kukatika saa nne asubuhi na kurudi jioni.

Kila kifaa huja na kibao rejea chenye thamani iliyoandikwa juu yake. Kabla ya kazi ya siku, pima kibao hicho. Kama kibao kinasema 3.0 na wewe unapata 2.6, usiendelee. Safisha kibao, safisha sindano kwa brashi laini, rudia. Bado iko chini? Ncha inaweza kuwa imechakaa au imevunjika, kwa sababu ncha iliyokuwa butu haifiki chini ya mabonde na daima husoma ndogo. Itazame kwa kioo cha kukuza. Kama ncha ni nzima, rekebisha kifaa kwa utaratibu wa kitabu chake. Na usipime kibao rejea mahali palepale kila siku, kwani almasi itachimba mfereji na baada ya mwaka utakuwa unapima mfereji wako mwenyewe.

Kwa uhakiki unaotambulika kisheria, mlango wa kubisha hapa Uganda ni maabara ya taifa ya metrolojia (sayansi ya vipimo) ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, Bweyogerere. Uliza kwanza kwa simu kama orodha yao ya huduma inagusa mparuzo wa uso, usije ukafunga safari na boksi lako bure.

Hatua ya 5: chagua urefu wa mchujo

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Uso wa chuma una mparuzo mfupi wa kisu na pia mawimbi marefu yanayotokana na mtetemo, beringi zilizochoka au kipande kilichopinda. Kifaa kinatakiwa kutenganisha viwili hivi. Urefu wa mchujo ndio mpaka: kilicho kifupi kuliko mpaka kinahesabiwa kama mparuzo, kirefu kuliko mpaka kinaachwa kama wimbi. Fikiria chekeche la unga. Matundu yakiwa madogo mno unapoteza hata unga uliotaka. Yakiwa makubwa mno pumba inapita. Ukipima uso mmoja kwa mchujo wa milimita 0.25 kisha kwa 2.5 utapata namba mbili tofauti, na zote ni za kweli kwa mchujo wake. Kwa hiyo wewe na mteja mkitumia mipaka tofauti mtagombana bure.

Kanuni ya kiwango cha kimataifa ISO 4288, ambayo karakana nyingi bado zinaifuata, inachagua mpaka kwa kutazama Ra inayotarajiwa, kwa uso usio na mistari ya kujirudia kama wa kusaga:

Ra zaidi ya 0.02 hadi 0.1: mchujo milimita 0.25, urefu wa kupimia milimita 1.25
Ra zaidi ya 0.1 hadi 2: mchujo milimita 0.8, urefu wa kupimia milimita 4
Ra zaidi ya 2 hadi 10: mchujo milimita 2.5, urefu wa kupimia milimita 12.5
Ra zaidi ya 10 hadi 80: mchujo milimita 8, urefu wa kupimia milimita 40

Urefu wa kupimia ni mchujo mara tano. Sindano yenyewe husafiri zaidi kidogo, kwa sababu inahitaji nafasi ya kuanza na ya kusimama. Kwa mchujo wa 0.8 safari huwa kama milimita 4.8.

Uso uliokerezwa una mistari inayojirudia, basi unachagua kwa nafasi kati ya mstari na mstari, ambayo kwa kawaida ni fidi yako, yaani umbali ambao kisu kinasogea kwa kila mzunguko. Nafasi ya zaidi ya milimita 0.13 hadi 0.4 inataka mchujo wa 0.8. Nafasi ya zaidi ya 0.4 hadi 1.3 inataka 2.5. Kama ulikereza kwa fidi ya milimita 0.2 kwa mzunguko, weka 0.8 na uendelee. Kama ulikereza kwa 0.5, mchujo wa 0.8 utakudanganya kwamba uso ni laini kuliko ulivyo.

Hujui Ra itakuwa ngapi? Pima kwanza kwa 0.8. Jibu likiangukia ndani ya safu ya 0.8, basi. Likitoka nje, badilisha mchujo na upime tena mpaka jibu na safu vikubaliane.

Kipande kikiwa kifupi, tuseme mkanda wa milimita 3 tu, huwezi kupata vipande vitano vya 0.8. Punguza idadi ya vipande hadi vitatu au viwili, usipunguze mchujo, na uandike kwamba ulifanya hivyo.

Hatua ya 6: weka kipande na sindano

Sindano ikatishe mistari ya kisu. Kwenye shafti iliyokerezwa mistari inazunguka, kwa hiyo sindano inakwenda kwa urefu wa shafti. Kwenye uso wa mbele wa flanji, inatoka katikati kuelekea ukingoni. Ukipima sambamba na mistari utapata namba nzuri isiyo na maana yoyote.

Shafti ilale kwenye kitalu chenye mfereji wa V. Kifaa kiwe sambamba na uso, na ncha iwe juu kabisa ya mgongo wa shafti, isiteleze upande. Zima kompresa. Kama jirani ana kinu cha kusaga mahindi, pima wakati amesimama kula. Mimi huweka kitalu juu ya kipande kizito cha chuma kilicholala juu ya mpira wa tairi kuukuu, na mtetemo wa sakafu umepungua sana tangu nianze kufanya hivyo.

Hatua ya 7: pima zaidi ya mara moja na uamue

Tazama uso wote kwanza na uchague sehemu inayoonekana mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo itakayoharibu kazi. Kisha chukua vipimo pale na sehemu nyingine mbili kuzunguka shafti.

Kanuni ya kukubali hutegemea mchoro. Katika utaratibu wa ISO 4288, namba isiyo na neno "max" inaruhusu sehemu ndogo ya vipimo, asilimia 16, kuvuka kikomo. Njia rahisi ya kuitumia ni hii: kipimo cha kwanza kisipozidi asilimia 70 ya kikomo, kipande kimepita. Kikizidi hapo, pima mara tatu, zote ziwe ndani ya kikomo. Moja ikitoka, endelea hadi sita, na isitoke zaidi ya moja. Au hadi kumi na mbili, zisitoke zaidi ya mbili. Kwa Ra 1.6, asilimia 70 ni 1.12. Ukianza na 1.0, kazi imeisha.

Angalia tarehe ya mchoro, lakini. Mwaka 2021 ilitoka ISO 21920, ikachukua nafasi ya ISO 4287, 4288 na 1302, na katika utaratibu huo mpya, pasipoandikwa kitu, hakuna kipimo kinachoruhusiwa kuvuka kikomo. Mchoro mpya unaotaja ISO 21920 usomwe kwa ukali huo.

Kubadilisha: pale hesabu inaposema kweli

Maikroinchi kwenda maikroni ni hesabu safi. Zidisha kwa 0.0254. 32 inakuwa 0.81, ambayo tunaiandika 0.8. 63 inakuwa 1.6. 125 inakuwa 3.2. Kwenda upande mwingine, zidisha maikroni kwa 39.37, wengi wetu tunazidisha kwa 40 kichwani na inatosha kwa mazungumzo ya mezani.

Madaraja ya N nayo yana jedwali lisilobadilika, kila daraja likiwa mara mbili ya lililotangulia au karibu na hapo:

N3 = Ra 0.1 = maikroinchi 4
N4 = Ra 0.2 = maikroinchi 8
N5 = Ra 0.4 = maikroinchi 16
N6 = Ra 0.8 = maikroinchi 32
N7 = Ra 1.6 = maikroinchi 63
N8 = Ra 3.2 = maikroinchi 125
N9 = Ra 6.3 = maikroinchi 250
N10 = Ra 12.5 = maikroinchi 500

Mchoro wa zamani wa Uingereza wenye CLA, au wa Marekani wenye AA, unazungumzia Ra kwa jina jingine. Usibadilishe chochote isipokuwa kizio.

Pale hesabu inapokuwa makadirio

RMS kwenda Ra: gawanya kwa 1.11 kama uso una umbo la wimbi laini, hadi 1.25 kama vilele vimetawanyika ovyo. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo ukichukulia RMS ya maikroinchi 63 kuwa kama Ra ya maikroni 1.4 hutapata hasara.

Ra kwenda Rz ndiko kwenye ugomvi. Utaona mtu anasema "Rz ni Ra mara nne", mwingine anaapa ni mara saba. Wote wawili wamepima, ila nyuso tofauti. Kwa wimbi kamili la hisabati uwiano ni 3.14. Kwa pembetatu kali ni 4. Uso uliokerezwa kwa kisu kizuri huwa kati ya 4 na 5. Uso uliosagwa, wenye mikwaruzo myembamba yenye kina tofauti, huenda 6, 7 na hata zaidi. Basi Rz 6.3 kwa kazi ya kukereza ni kama Ra 1.3 hadi 1.6, na kwa kazi ya kusaga ni kama Ra 0.8 hadi 1. Namba ileile ya Rz, Ra mbili.

Ninavyofanya: natumia uwiano huo kuchagua fidi na kisu kabla ya kazi, basi. Kukabidhi kazi, ninaweka kifaa kwenye Rz na kupima Rz. Kifaa chochote cha mkononi cha leo kina vyote viwili. Kubonyeza kitufe ni sekunde tano. Usimwandikie mteja Rz uliyoipata kwa kuzidisha.

Pembetatu za zamani, zile alama za finishi zilizochorwa bila namba, ni mbaya zaidi. Kwa Wajapani, pembetatu tatu zilimaanisha Ra hadi 1.6, mbili hadi 6.3, moja hadi 25. Vitabu vya Kihindi navyo viliziandika kwa safu: moja ni 8 hadi 25, mbili ni 1.6 hadi 8, tatu ni 0.025 hadi 1.6. Zikifika nne, Mjapani anakuambia 0.2, kitabu cha Kihindi kinakuambia chini ya 0.025. Tofauti ya mara nane! Pembetatu nne zinahitaji simu kabla ya kazi.

Kukadiria finishi kabla ya kukata

Kwa kukereza kuna hesabu ambayo kila kijana wangu anaiweka kichwani. Kimo cha mistari ni fidi mara fidi, gawanya kwa nane mara nusu kipenyo cha ncha ya kisu. Kwa Ra, gawanya kwa 32 badala ya 8.

Mfano: fidi 0.2, ncha ya 0.8. 0.2 × 0.2 ni 0.04. Gawanya kwa 32 × 0.8, ambayo ni 25.6: unapata milimita 0.00156, yaani Ra 1.56. Punguza fidi hadi 0.1 na Ra inashuka hadi 0.39, robo, kwa sababu fidi imepigwa kipeo cha pili. Ukitaka Ra 0.8 kwa ncha hiyo, fidi isizidi 0.14.

Chuma halisi hutoka kibaya kuliko hesabu. Chuma laini kikikatwa polepole huganda kwenye ncha ya kisu, kisha kile kilichoganda hubanduka na kurarua uso; ongeza mwendo na upake mafuta ya kukatia. Kerezo kuukuu lenye beringi zilizolegea huongeza mtetemo. Mimi hulenga nusu ya namba inayotakiwa kwenye hesabu, na hapo kazi hupita.

Namba chache za kuzikumbuka

Mahali pa sili ya mafuta inayozunguka: Ra 0.2 hadi 0.8 na Rz 1 hadi 5, bila mistari ya mzunguko inayopanda kama nyuzi za skrubu. Mistari hiyo husukuma mafuta nje kama pampu hata Ra ikiwa nzuri, ndiyo maana mahali hapo husagwa kwa jiwe linaloingia moja kwa moja bila kutembea kando. Kushikilia msasa na kuutembeza kwa urefu wa shafti huleta balaa hilohilo. Na chini ya 0.2 uso unakuwa laini mno, mafuta hayashiki, sili inaungua.

Chuma cha pua kinachogusa maziwa: Ra isizidi 0.8. Kwa mafundi wa upande wa Mbarara, ambako matangi na mabomba ya maziwa ni kazi ya kila wiki, hili si pambo. Bakteria hukaa kwenye mabonde na maji ya kuoshea hayawafikii.

Kadi ya kazi

Tulimtengenezea yule mzee wa shafti ya pampu shafti mpya kwa gharama yetu. Nilimwonyesha kifaa kikipima mbele yake, akainama kusoma kioo. Kadi yake imo bado kwenye faili, na kila kadi iliyofuata tumeiandika kwa mpangilio huo: "Mahali pa sili, imesagwa. Mchoro: 32 maikroinchi = Ra 0.8. Mchujo 0.8 × 5, kwa urefu wa shafti, ncha maikroni 5. Ra 0.44, 0.47, 0.41. Rz 3.1, imepimwa. Kibao rejea kimehakikiwa asubuhi."